Kahawa ya phin na vyakula vya barabarani Vietnam: ninavyoagiza

Hanoi ukitaka kahawa ya maziwa yenye barafu, sema nâu đá. Ho Chi Minh City ni cà phê sữa đá. Kinywaji ni kilekile: kahawa ya aina ya robusta iliyokaangwa ikawa nyeusi, na maziwa mazito matamu ya kopo chini ya glasi. Robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, hivyo siinywi tumbo likiwa tupu. Asiyependa uchungu aagize bạc xỉu. Maziwa huzidi kahawa.

Nikiwa na phin yangu, kile kichujio kidogo cha bati kinachokaa juu ya glasi, natia gramu 20 za kahawa iliyosagwa wastani. Naitikisa isawazike, naweka kisahani cha ndani bila kukandamiza. Maji ya moto mililita 25 kwanza. Nasubiri nusu dakika kahawa iumuke, kisha naongeza 80 na kufunika. Inadondoka kwa dakika nne au tano. Ikiisha ndani ya mbili, itakuwa maji matupu: saga laini kidogo. Ikigoma kudondoka, basi imesagwa laini mno au kisahani kimebana. Kilegeze, usikisukume chini. Maziwa yakorogwe kahawa ingali moto, barafu ifuate. Ukitanguliza barafu, maziwa yanakakamaa chini na hayachanganyiki tena.

Cà phê trứng, yaani kahawa ya yai, ya Hanoi ilibuniwa mwaka 1946 na Nguyễn Văn Giảng wakati maziwa yalipoadimika: kiini cha yai hupigwa na sukari au maziwa ya kopo mpaka kiwe povu zito. Inywe ikiwa moto. Ikipoa inanuka shombo la yai.

Kwenye chakula, kwa asiyekula nguruwe kazi ni kubwa zaidi. Bún chả, tambi za mchele na nyama ya nguruwe ya kuchoma, iache kabisa. Bánh mì, mkate wa kujazwa, hupakwa pate, ambayo kwa kawaida ni maini ya nguruwe, hata ukiagiza ya yai. Mimi nasema: "Bánh mì trứng, không pate, không thịt lợn," yaani mkate wa yai, bila pate, bila nyama ya nguruwe. Kusini badilisha lợn iwe heo. Hata hivyo tazama kikaango kwanza, maana mara nyingi yai hukaangwa palepale ilipotoka nyama.

Salama zaidi ni kibanda chenye neno chay, yaani hakuna nyama. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo Wabudha wengi hufunga nyama, na vibanda hivyo huongezeka.