Kasi ilivyokuwa inagota 94

Nyumbani kwangu Majengo, Moshi, nalipia kifurushi cha intaneti cha Mbps 200 (megabiti kwa sekunde). Kila nikipima, 94. Asubuhi 94, usiku wa manane 94. Huduma kwa wateja wananiambia zima ruta, washa tena. Nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea.

Kilichonishtua ni ile namba kutocheza. Mtandao ukizidiwa na watu, kasi hupanda na kushuka. Hii ilikuwa imegota kama basi lililofungwa kidhibiti mwendo. Nikaachana na waifai, nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye boksi la faiba kwa waya mfupi mpya: 196. Kumbe inaingia vizuri, inakwama humu humu ndani.

Nikaufuata waya unaotoka kwenye boksi hadi ruta ya sebuleni. Ulipita chini ya mlango wa jikoni (niliupitisha mwenyewe, kwa uvivu), na mlango ulikuwa umeukwangua mpaka shaba inaonekana. Ndani yake kuna nyuzi nane. Vifaa vikiongea kwa Mbps 1,000 vinazihitaji zote. Vikiongea kwa Mbps 100 vinatosheka na nne. Ukikatika mmoja kati ya zile nne nyingine, vifaa vinashuka kimya kimya hadi 100. Toa kinacholiwa na mawasiliano yenyewe, unabaki na 94 yangu.

Nikanunua mita kumi za waya wa mtandao wa aina ya Cat 6 mjini, nikaupitisha juu ya fremu ya mlango. 193. Waifai ya chumbani bado 60, lakini pale kuna kuta mbili za tofali.