Kamba ya Gran Paradiso

Mwezi Julai mwaka 2016, nilipokuwa nikiishi Torino, nilipanda Gran Paradiso, mlima wa mita 4,061 ambao wote umo ndani ya Italia. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na Kibo, yenye mita 5,895, nilikuwa nimeifikia kwa miguu na fimbo tu. Kwa hiyo nilipokabidhiwa shoka la barafu, mkanda wa kiunoni na vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, sikuona haja yake.

Tulilala katika kibanda cha Vittorio Emanuele II, ambacho paa lake limepinda kama pipa lililolazwa, tukaondoka saa kumi alfajiri, taa zikiwa vichwani. Mawe yalipoisha tulifungwa watu watatu kwa kamba moja: mimi, dada mmoja wa Tanga aliyekuwa akisoma Torino, na kiongozi wetu, Mtaliano wa makamo. Alitueleza kwamba mto wa barafu husogea polepole kufuata mteremko, na unapopita juu ya mwamba uliobinuka hupasuka, kisha theluji ya majira ya baridi huifunika midomo ya nyufa zisionekane. Usiku theluji hiyo huganda na kumhimili mtu. Jua likiipiga hulainika.

Kileleni, karibu na sanamu nyeupe ya Bikira Maria, hatukukaa sana.

Wakati wa kushuka kiongozi hubaki nyuma, juu ya wenzake, ili aweze kuwazuia. Dada alitangulia, nami nikakanyaga palepale alipokanyaga yeye, lakini mguu wangu wa kulia ukazama hadi pajani bila kugusa kitu. Pembeni ya paja palikuwa na tundu, na ndani yake rangi ya samawati iliyozidi kukolea kuelekea chini hadi ikawa nyeusi. Punje za theluji zilidondoka humo nisisikie zikitua. Kamba ilinikaza kiunoni, mbele na nyuma.

"Usijitutumue, kaka," dada alisema kwa sauti ya chini. "Lala kifudifudi, tumekushika."

Nililala, nikatambaa, nikauvuta mguu taratibu.

Tulipofika kwenye mawe, fundo langu lilikuwa limebana mno, na vidole vyangu vilivyokuwa vikitetemeka havikuliweza. Dada alivua glavu zake, akapiga magoti, akalifungua.