Siku moja na vihusishi vya Kiingereza

Saa 2:00 asubuhi. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiingereza ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: ripoti, tasnifu, barua za kuomba kazi. Makosa ya tahajia kompyuta huyanasa kabla faili halijanifikia. Kinachobaki mezani kwangu ni vihusishi, vile vijineno vinavyofuata kivumishi: of, at, with, to, for.

Faili la kwanza ni ripoti ya utafiti. Ukurasa wa pili tu nakutana na "different with the previous results". Kilipotoka nakijua: sisi husema "tofauti na", na hiyo "na" wengi tumeizoea kuwa "with". Naweka from. Mbele kidogo kuna mama aliyekuwa "married with" mkulima. Naye ameolewa *na*. Naweka to.

Saa 3:30. Mwenye ripoti ananiuliza mbona amesoma "different to" kwenye gazeti la Uingereza na "different than" kwenye makala ya Marekani. Ana haki ya kuuliza. Nafungua kopasi, hazina za matini zilizokusanywa ili tuone watu wanavyotumia lugha kweli. British National Corpus ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 20. COCA ya Marekani imepita bilioni 1, ikianzia 1990 hadi 2019. Unaandika neno, linapangwa katikati ya skrini mstari kwa mstari, nawe unasoma kilicho kulia na kushoto kwake.

From inaongoza kote kuwili. To ni ya Waingereza zaidi, hasa wakizungumza. Than ni ya Wamarekani, na inafaa sana ikifuatwa na kishazi: "different than I expected". Ukitaka from hapo itabidi uongeze what. Namjibu kwamba zote tatu zina wenyewe, ila katika ripoti ya kitaaluma from haimgombanishi na mtu.

Saa 5:00. Makala kuhusu walimu, na humo kuna good za kila namna. Hapa natulia, maana ndipo orodha za kukariri zinapovunjika. Mwanafunzi hufundishwa kwamba good huenda na at, basi. Lakini kivumishi hakichagui kihusishi peke yake. Kinachofuata nacho kina sauti. Ustadi huchukua at: good at drawing. Watu na vitu unavyojua kuvishika huchukua with: good with children, good with tools. Manufaa huchukua for. Ukimtendea mtu wema, umekuwa good to yeye. Ukimshukuru aliyekuja, ni "good of you to come". Hata in ipo, kwa hali: good in a crisis. Mwandishi wangu ameandika "good in mathematics". Wamarekani wapo wanaosema hivyo, kwa hiyo siiti kosa, lakini at inaizidi mbali, nami naibadilisha.

Afraid ni kali zaidi. "Afraid of his son" anamwogopa mwanawe. "Afraid for his son" anahofia yatakayompata. Ukikosea hapo umebadilisha familia nzima.

Saa 7:00 mchana. Napumzisha macho.

Saa 8:00. Barua ya kuomba kazi: "I was responsible of the accounts." Kitu unachokisimamia huchukua for, mkubwa unayewajibika kwake huchukua to, na vyote viwili hukaa katika sentensi moja bila kugombana: "responsible to the director for the accounts". Kisha tasnifu inayosema "this chapter is concerned about poverty". Sura haiwezi kuwa na wasiwasi. Inahusika tu, basi ni with.

Saa 10:00. Darasa la mtandaoni. Kijana anataka kujua kama "bored of" ni sahihi, kwa kuwa kitabu chake kinaruhusu with na by tu. Nawaonyesha mistari: of ipo tele, hasa kwa vijana. Nawaambia waitumie wakiongea, na kwenye mtihani waandike with. Mwingine anauliza kuhusu "interested to". Inakubalika pamoja na vitenzi vya kupata habari, kama hear, know na see. Kwa shughuli nyingine ni in, na kitenzi kivae -ing: "interested in buying".

Saa 12:00 jioni. Narudisha ripoti na kuchungulia faili la kesho. Ni mkataba, na karibu kila kifungu kinaanza na "subject to". Wanasheria wana kihusishi kimoja tu hapo na hawakibadilishi, kwa hiyo kesho nitamaliza mapema.