"Sawa" moja ya WhatsApp karibu inipokonye mwanangu

Mi na baba mtoto tulikuwa tunaishi London, ila ndugu zake wako Uholanzi. Akaniambia anaenda na binti yetu wiki mbili wakawasalimie, nikamjibu "sawa". Wiki mbili zikaisha, simu hapokei, siku ya tatu ndo anatuma meseji eti mtoto kashaandikishwa shule huko huko.

Muda niliopoteza we acha tu. Nalia, nagombana na mawifi, nakusanya ushahidi kwamba jamaa ni mtu wa hovyo. Wakili akaniambia mama hayo weka pembeni, hapa hatubishani nani mzazi bora, Mkataba wa Hague wa 1980, ule wa nchi kurudishiana watoto waliochukuliwa au kuzuiliwa na mzazi mmoja bila idhini ya mwenzie, unataka kujua mtoto makazi yake yalikuwa wapi na we ulikuwa na haki ya malezi au la, habari ya akae na nani itaamuliwa huku alikotoka. Na niwahi kabla mwaka haujaisha, ukipita mwenzio anaweza kujitetea kwamba mtoto ashazoea. Dada yangu wa Dar akauliza je angemleta Bongo? Hapo ningekoma, Tanzania haimo kwenye mkataba, Kenya pia haimo.

Basi nikakusanya barua ya shule, kile kitabu chekundu cha kliniki chenye chanjo zake zote, na tiketi ya kurudi aliyonifowadia mwenyewe. Maombi yakapitia ofisi ya serikali Uingereza inayosimamia mkataba, wao wakawatumia wenzao wa Uholanzi, na kule kesi hizi zinaanzia mahakama ya The Hague kwenyewe. Tukakalishwa na wasuluhishi kwanza, tukashindwana.

Mahakamani jamaa akatoa skrinishoti ya ile "sawa", eti nilikubali mtoto ahamie! Jamani si sisi "sawa" tunajibu kila kitu, hata mtu akikukanyaga kwenye daladala? Kilichoniokoa ni meseji ya chini yake aliyoikata, nilikuwa nayo kwenye simu yangu: "mnirudie salama, J3 ana shule". Mkalimani akakwama kwenye J3, ikabidi nieleze ni Jumatatu, jaji akaandika.

Amri ikatoka arudishwe. Alishuka uwanja wa ndege amevaa koti nisilolijua, ananiuliza mbona nimekonda.

Siku hizi baba yake akiomba kusafiri naye sijibu mpaka nione tarehe ya kurudi, na hiyo "sawa" siiandiki kabisa.