Siku moja maishani mwangu: jeli ya choa

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mama jirani ananisimamisha ngazini, hapa Kangemi, Nairobi, amvue mwanawe kofia. Mapunye, yaani choa cha kichwani, mabaka matatu. "Dada, si nyinyi mnatengeneza ile dawa ya kupaka?" Namwambia ukweli: mapunye hayaponi kwa kupaka peke yake, maana fangasi wamezama hadi shina la nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, ampeleke kliniki leo. Na ile krimu yenye steroidi aliyouziwa aiache. Inatuliza muwasho huku ugonjwa ukitambaa. Krimu hizo zinanikera kuliko chochote katika kazi hii.

Saa mbili, maabara, Eneo la Viwanda. Karboma, unga unaoipa jeli uzito, niliyoinyunyizia majini jana jioni imelowa usiku kucha, haina madonge. Napima terbinafini, dawa ya kuua fangasi, gramu 1 kwa kila gramu 100 za jeli, na kuiyeyusha kwa ethanoli na propilini glaikoli. Naimimina taratibu, ukikoroga kwa pupa unaingiza mapovu, na yakishanaswa humo hayatoki upesi. Kisha matone ya trietanolamini, inayopunguza asidi ili karboma ishike. La kwanza, la pili, bado majimaji. Mara inashika! Ule weupe wa kimiminika unatoweka, mwiko unakuwa mzito mkononi. Miaka minne sasa na bado nafurahi kila mara.

Saa nne naanza kupima jeli ya juzi kwenye seli za Franz. Ni vikombe vya kioo: juu jeli, katikati utando mwembamba, chini kimiminika chenye joto la nyuzi 32, kama uso wa ngozi. Kila saa nachota kidogo cha chini kuona dawa iliyopita.

Saa saba, githeri. Ujumbe wa mama jirani: wamepewa vidonge.

Saa kumi. Jeli nzito, ile tuliyoisifu wote kwa kung'aa na kutotiririka, imeachia dawa kidogo kuliko ile nyepesi. Mgonjwa angepaka kitu kizuri kilichong'ang'ania tiba yake. Hiyo siikubali.

Sahani nilizopanda Trichophyton rubrum, fangasi wa choa, bado hazijaota. Kuvu huyu huota polepole, wiki moja hadi mbili.

Saa kumi na moja napima karboma ya kesho: nusu gramu badala ya moja. Naipepeta juu ya maji punje kwa punje, nafunika bika, navua koti.