Chipukizi wa futiboli ya vyuo vikuu na nyota tunazowapa

Hapa Columbus, Ohio, msimu wa futiboli ya Kimarekani humalizika lakini mazungumzo yake hayamaliziki. Mashabiki wa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, huhamia moja kwa moja kwenye usajili: kijana gani wa sekondari amepata ofa ya ufadhili wa masomo ili achezee chuo, nani amekuja kutembelea chuo na wazazi wake, nani ametoa ahadi, na nani ameivunja na kuelekea chuo cha Georgia au cha Texas. Katika saluni ya Wakongo ninakonyolewa, watu wazima waliokua wakicheza kandanda Bukavu na Uvira sasa wanataja majina ya watoto wa miaka 16 kutoka Florida, pamoja na uzito wao na kasi yao katika mbio za yadi 40 wanazopimwa nazo. Nami ni mmoja wao na mjadala huo naupenda kwa dhati. Ndiyo maana nataka kusema jambo moja kuhusu namna tunavyouendesha: nyota wanazopewa vijana kama alama za ubora, hizi tunazozishikia bango, husema kweli kuhusu kundi la vijana, lakini kuhusu kijana mmoja mmoja husema kidogo sana.

Nyota hizo hutolewa na kampuni kama 247Sports, Rivals na ESPN, ambazo hutuma watu wao kwenye mechi na kambi za mazoezi, hutazama video, kisha humpa kijana nyota kuanzia mbili hadi tano. Kwa 247Sports, wanaopata tano kila mwaka ni takriban 32, idadi inayolingana na nafasi za raundi ya kwanza ya uchaguzi ambao timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa, hufanya kila mwaka kuchukua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Kwa maneno mengine, nyota tano ni utabiri kwamba kijana huyu, ambaye bado anafanya mitihani ya sekondari, atakuwa miongoni mwa wachezaji bora wa kizazi chake baada ya miaka mitatu au minne.

Anayesema kwamba nyota hizo ni upuuzi mtupu hajatazama nani anabeba makombe. Alabama, Georgia na Ohio State, ambayo ilitwaa ubingwa Januari 2025 kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23, zimekuwa zikiongoza katika usajili mwaka baada ya mwaka, na hilo halikutokea kwa bahati. Ukichukua vijana wengi wa nyota tano na vijana wengi wa nyota tatu, kundi la kwanza litapeleka sehemu kubwa zaidi ya watu wake NFL. Hata hivyo vijana wa nyota tatu ni wengi mno, kiasi kwamba hata wakifanikiwa wachache tu kati yao wanaijaza ligi. Aaron Donald, mmoja wa walinzi wakali kuliko wote waliowahi kucheza mchezo huu, aliingia chuo kikuu cha Pittsburgh akiwa na nyota tatu.

Kisa ninachokirejea kila mara ni cha David Sills. Mwezi Februari 2010, kocha Lane Kiffin wa USC, chuo kikuu cha Southern California, alimpa ofa ya ufadhili wa masomo, naye akaikubali. Alikuwa na miaka 13, yuko darasa la saba, anaishi Delaware, upande wa pili kabisa wa nchi. Kocha alikuwa ametazama video zake akirusha mpira na kuona ndani yake kwotabeki wa baadaye, yaani mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi ya timu. Habari hiyo ilienea Marekani nzima, na mtoto ambaye sauti yake ilikuwa haijavunjika akaanza kuandikwa kama mrithi wa wakubwa. Kisha mwaka 2013 Kiffin akafukuzwa kazi, ahadi ile ikayeyuka, na Sills akaishia chuo kikuu cha West Virginia, ambako walimweka kwenye nafasi ya kupokea mpira. Hakuiacha ndoto ya kwotabeki kirahisi. Mwaka 2016 alikwenda chuo cha El Camino huko California ili ajaribu tena. Aliporudi West Virginia mwaka 2017 kama mpokeaji, alifunga tachidauni 18, yaani mara 18 aliufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani, katika msimu mmoja, na baadaye akafika NFL. Kwa hiyo Kiffin alikuwa sahihi kwamba kipaji kipo. Alichokosea ni aina ya kipaji, kwa sababu mwili na mchezo wa mtoto wa miaka 13 bado haujaamua utakuwa nini, na gharama ya kosa hilo aliilipa kijana.

Josh Allen ni upande wa pili. Alikulia kwenye shamba karibu na Firebaugh, California, akamaliza sekondari akiwa mwembamba, na hakuna chuo chochote cha daraja la juu kilichomtaka. Alicheza mwaka mmoja katika chuo cha Reedley, akawaandikia makocha nchi nzima barua pepe, na hatimaye chuo kikuu cha Wyoming kikamchukua akiwa kwotabeki. Alipopimwa mbele ya skauti wa NFL mwaka 2018 alikuwa na urefu wa karibu futi 6 na inchi 5 na uzito wa pauni 237. Timu ya Buffalo ikamchagua katika nafasi ya 7, na katika msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Waliompita kando hawakuwa wajinga. Walimpima alivyokuwa siku ile, na siku ile haikuwa imemaliza kazi yake.

Juzi pale saluni kijana mmoja alituonyesha kwenye simu video ya mchezaji wa mstari wa mbele kutoka shule ya hapa Ohio. Katika kipande cha kwanza anamwangusha mpinzani chali, na saluni nzima ikapiga kelele. Mimi nilitazama miguu yake. Hatua ya kwanza ilikuwa fupi na ya haraka, kiuno kilishuka kabla ya kugongana, mikono yote miwili ikatua kifuani mwa mpinzani badala ya mabegani, na mtu wake alipoanguka hakusimama kumkodolea macho bali aligeuka kutafuta wa pili. Hayo ndiyo yanayosafiri na mchezaji hadi chuoni. Kumwangusha mtoto aliye mwepesi kuliko yeye kwa pauni 80 hakusafiri popote. Mzee mmoja akauliza kama wazazi wa kijana huyo ni warefu. Wengine walicheka, ingawa makocha wenyewe huliuliza swali hilo. Kumpa kijana hukumu ya maisha kwa video ya dakika tatu ni kama kukadiria muhogo kwa kutazama majani yake.

Wakongo wenzangu wanapochoka kusikia nikisifu vijana wasiojulikana, huwa ninawataja Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Quebec na kujifunza mchezo huu huko Kanada, mbali kabisa na viwanja vya Texas na Florida. Tarehe 25 Novemba 1995, akiichezea Michigan, alikimbia na mpira jumla ya yadi 313 dhidi ya Ohio State, ambayo ilikuwa haijapoteza mechi hata moja msimu huo. Wazee wa Columbus bado hawapendi kulisikia jina hilo.

Siku hizi fedha zimeuharakisha mjadala na kuufanya mkali zaidi. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Naona ni haki, kwa kuwa walikuwa wakizalisha mali isiyowafikia. Lakini kwa vile uhamisho kati ya vyuo nao umekuwa rahisi, makocha wengi huona afadhali kumchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kukomaa kuliko kumlea wa miaka 18, na anayeumia ni yule Allen wa leo. Sisi mashabiki nasi tumechukua lugha ya mnunuzi. Kijana akibadili ahadi yake hutukanwa kwa ujumbe wa simu na watu wenye umri wa baba yake, ilhali ofa ya mdomo haimfungi hata kocha mpaka karatasi zitiwe saini.

Sasa watoto wa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliozaliwa au kulelewa hapa wanaanza kuvaa kofia ngumu za mchezo huu, na wazazi wao hutuuliza sisi tunaojifanya wajuzi. Mama mmoja aliniuliza mwanawe ana nyota ngapi. Nilimshauri amuulize kocha maswali mengine: ofa hii inaweza kutiwa saini leo, au ni ya kungoja wengine wakatae? Mtoto akivunjika goti, ufadhili utaendelea hadi ahitimu? Wangapi kati ya waliosajiliwa miaka minne iliyopita wamepata shahada, na wangapi walihama? Na wewe kocha, mkataba wako unakwisha lini? Aliyaandika nyuma ya bahasha, akaniomba nimtafsirie la mwisho kwa Kiingereza ili alisome mwenyewe mbele ya kocha.