Ni huyu

Saa tisa za usiku. Mvua imekata, vyura wanapiga kelele kama waliolipwa, nami bado nayageuza maneno mawili ya Baba. Ni huyu. Nimeyalalia ubavu huu, nimeyalalia ubavu ule. Bora niyaandike.

Mnajua Jumapili jioni ni siku ya mdogo wangu Owori kupiga simu kutoka Texas, na mnaijua kazi yangu katika simu hizo: mimi ndiye kishikio. Tangu macho ya Baba yaingie ukungu, simu lazima ikae umbali wa mkono, na mkono wenyewe ni wangu. Baba anaonekana, wajukuu wanaonekana, mimi ninaonekana kidole gumba.

Jumapili hii nilikuwa nimechoka tayari (Alhamisi tulimzika shangazi wa Malaba, Ijumaa mwalimu mkuu akanikabidhi idara nzima ya Kiswahili, hayo yatasubiri), kwa hiyo sikuwa na subira. Owori akatokea anacheka, binti yake Nyaketcho anarukaruka nyuma yake. "Baba, ngoja nikuonyeshe kitu nimewanunulia watoto." Nikadhani baiskeli. Akafungua mfuko wa turubai, akatoa bunduki.

Nusura niangushe simu.

Sisi ni watoto wa bareki ya polisi. Kwetu bunduki haikuwa ajabu, lakini pia haikuwa kitu cha kuonyeshana. Ilikuwa mali ya Serikali yenye namba, inatoka stoo kwa sahihi na kurudi kwa sahihi, na risasi zake zimehesabiwa. Baba alizihesabu miaka 27. Usiku mmoja kule Mbale risasi moja ilipungua, bareki nzima ikakesha, mpaka ilipopatikana ndani ya soksi ya konstebo aliyekuwa wa kwanza kuapa. Raia wa hapa Uganda akitaka bunduki lazima apite kwa polisi, kwa Sheria ya Silaha ya 1970, aeleze anaitakia nini na akaguliwe tabia. Mwaka 2018, mbunge Abiriga alipouawa, Rais aliagiza kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole. Na huyu mdogo wangu ananyanyua mtutu mbele ya kamera kama anayenyanyua sambusa.

"Ni ya bei nafuu, dada." Alinisikia nikivuta pumzi, nadhani.

Dola 340, ya mkono wa pili, kutoka duka la rehani. Alijaza fomu, wakamkagua kwenye kompyuta, akatoka nayo kabla ya chakula cha mchana. Dola 340! Nilizidisha pale pale kichwani, ikavuka milioni moja ya shilingi. Mabati niliyomwandikia mwezi wa pili, ya jikoni kwa Baba, hayakufika hapo. Aliniambia mwaka huu ni mgumu.

Basi akaanza kuieleza, nami nikaisikiliza kwa sikio la hasira, ingawa mwisho nilielewa zaidi ya nilivyotaka. Ni Rossi, imetengenezwa Brazili, na ujanja wake ni kwamba kitako ni kimoja lakini mitutu ni mitatu. Unafungua skrubu moja chini ya kishikio cha mbele, mtutu unang'oka, unapachika mwingine. Wa kwanza ni ule mdogo wa pointi ishirini na mbili, risasi ya gramu mbili na nusu hivi, ya kutobolea makopo. Wa pili ni wa marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika, geji 20, wa ndege na sungura. Wa tatu ni wa risasi ya milimita 6 na ushei, wa kulungu, nao unabeba darubini yake juu, kwa hiyo ukiubadilisha shabaha haipotei. Kila mtutu haushiki zaidi ya risasi moja. Unaivunja katikati kama unavyovunja muwa, unaingiza moja, unafunga, unakoki nyundo, unapiga. Ukitaka nyingine, anza upya.

"Kununua bunduki tatu siwezi," Owori akasema. "Hii mama yao anatumia, Nyaketcho anatumia, na mimi natumia. Zamu kwa zamu."

Baba alikuwa kimya muda wote huo. Nami, lazima nikiri, nilikuwa nasubiri kwa furaha mbaya nimsikie Owori akifokewa. Mzee aliyewahi kumtandika mtoto wa jirani kwa kuchezea ganda tupu la risasi, leo aonyeshwe bunduki ya watoto!

"Ivunje," Baba akasema.

Owori akaivunja.

"Nionyeshe mwanga."

Owori akaelekeza mtutu dirishani, akasogeza kamera nyuma yake. Tukaona duara la mwanga, safi kama sarafu mpya.

"Hii ni bunduki ya mtu mwenye akili," Baba akasema.

Hapo ndipo bega lilipoanza kuniuma. Nimekaa na Baba miaka sita tangu Mama atutoke. Dawa za presha nazipanga mimi, kucha namkata mimi, malwa, pombe yake ya ulezi, nampimia mimi ili asizidishe. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia neno akili likitajwa karibu na jina langu. Na sasa mzee ananyoosha shingo, anauliza maswali kama kijana. Ikiwa imefunguka, nyundo inakokika? Haikokiki. Ikishakokiwa, inavunjika? Haivunjiki. Akafurahi mpaka akapiga goti lake. Akasema SMG, ile AK-47 ya polisi wetu, inampa mtoto risasi 30 za kukosea, hii inampa moja tu, na mtu mwenye moja hufikiri. Akauliza risasi zinalala wapi. Owori akasema zina sanduku lake lenye kufuli, mbali na bunduki, maana hata Texas ukiiacha ina risasi mahali mtoto anafikia, unashtakiwa wewe. Na Nyaketcho, aliyetimiza miaka 9 mwezi wa tatu, sasa ana umri wa kufanya mtihani wa kozi ya uwindaji.

Wakafika kwenye geji, Baba akageuka mwalimu. Geji ni hesabu ya madonge: madonge 20 ya madini ya risasi, kila moja la kujaza mtutu huo sawasawa, yanatimiza ratili moja. Ndiyo maana namba ikipanda mtutu unapungua, na geji 12 ni pana kuliko 20. Kama mabati, nikasema moyoni: 28 ni nene kuliko 30. Nililisema moyoni tu. Jumapili hii kila kitu kilikuwa kinanikumbusha mabati.

Sasa nafika penyewe. Nyaketcho aliomba aishike. Owori akaivunja tena, akachungulia, akampa ikiwa imefunguka, kitako mbele. Baba akaegemea karibu na simu.

"Nani alikufundisha kuivunja kabla ya kumpa mwenzako?"

"Wewe, Baba."

"Wewe sikukufundisha. Ulikuwa mdogo, kiberiti kikiwashwa unalia. Niliyemfundisha ni huyu."

Mtandao ukakwama kidogo, mnaijua ile hali midomo inabaki wazi.

"Nani?"

"Ni huyu." Na kidevu chake kikanielekea mimi.

Lakini kamera ilikuwa inamtazama yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya simu, mahali pangu pa kila Jumapili. Owori akacheka, akamshika Nyaketcho kichwa. "Eeh, huyu anashika haraka sana, Baba." Wakaendelea. Dakika kumi nyingine wakaongea habari za mbuzi.

Sikugeuza simu. Hilo ndilo linaloniamsha. Kuigeuza kamera ni kazi ya kidole kimoja, na kidole nilikuwa nacho pale pale juu ya kioo. Ningegeuza, Owori angeniona na kitambaa changu cha kichwani, angesema "Aa, dada!", basi ingekwisha. Badala yake nilitulia kama stuli.

Usiku wa Jumapili niliyasikia yale maneno kama lawama: nilimfundisha huyu, na amebaki hapa na chaki, hajanunua hata manati. Jumatatu nikayasikia kama masahihisho tu. Baba hapendi kumbukumbu isiyo sawa, miaka 27 ya daftari la stoo si mchezo. Aliona jina limeandikwa mstari usio wake, akalihamisha. Jumanne nilikuwa nafundisha vionyeshi darasa la S.2, kidato cha pili, huyu, huyo, yule, na nikiwa na chaki mkononi nikakwama. Angeweza kusema "dada yako". Angeweza kusema "yule". Alisema huyu, wa karibu, anayefikiwa kwa mkono. Watoto wakanisubiri. Mmoja wa nyuma akauliza, "Ticha, tunukuu?"

Na kweli alinifundisha, jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Nilikuwa na miaka kama kumi. Baba alikuwa na rafiki, mlinzi kwenye mashamba ya mpunga ya Doho, ambaye kazi yake msimu wa mavuno ilikuwa kutishia ndege kwa bunduki chakavu ya mtutu mmoja. Tulikwenda kumsalimu, tukapewa chai ya maziwa yenye moshi. Baba akaichukua bunduki ile, akaniita. Si Owori, aliyekuwa mgongoni kwa Mama. Akaniita mimi. Akasema vunja, nikavunja. Ilikuwa ngumu, nilitumia goti. Tazama, nikatazama, nikaona mpunga wote wa Doho ndani ya duara dogo. Sasa nipe. Nikampa. Tukarudia mpaka jua likachwea: vunja, tazama, nipe. Hakuniruhusu kupiga hata moja. Nilikasirika njia nzima ya kurudi.

Sasa sikilizeni lililonipata usiku huu, maana ndilo hasa limenitoa kitandani. Nilikuwa nalala, nikaona kikonyo cha jani la mpapai. Mnakijua, kirefu, kitupu ndani. Watoto wote wa bareki walikuwa wanakifanya bunduki. Nami nilikuwa na masharti. Nilikuwa nakivunja katikati kisitengane kabisa, kininginie kwa nyuzi zake. Owori alipojua kutembea na kuomba, sikumpa hivi hivi. Vunja. Tazama, unaona mwanga? Haya, nipe. Asipofanya hivyo nampokonya. Alilia sana. Mama alinichapa mara mbili kwa ajili ya vikonyo, na mipapai ya kwa Inspekta iliisha majani upande mmoja.

Ni mimi. Yule mtoto wa Texas, na meno yake mawili yaliyotoka, amepokea bunduki iliyovunjwa kwa mkono niliouelekeza mimi kwa kikonyo cha mpapai. Nimekaa kitandani nikacheka peke yangu, nikaziba mdomo nisimwamshe Baba. Hata yale mabati, kwa saa hii tu, nimeyasamehe. Kesho nitayadai tena.

Jioni ya jana, kabla sijakumbuka haya yote, nilimjaribu Baba wakati wa chai. "Baba, Jumapili ulimwambia Owori ni mimi uliyenifundisha?"

Akanitazama kupitia ukungu wake. "Ile nyepesi," akasema. "Bunduki nyepesi, geji ishirini, itampiga mtoto bega mpaka aichukie. Mwambie mdogo wako aanze na mtutu mdogo mpaka Krismasi. Ule mkubwa aufiche."

Nikasema nitamwambia.

"Mwandikie sasa. Wewe unasahau."

Nikaandika. Owori akajibu kwa kidole gumba, kile cha njano. Kidole gumba kwa kidole gumba. Habari za kikonyo sijamwandikia bado, sijui nianzie wapi. Labda Jumapili nitageuza simu. Labda nitatafuta kikonyo kwanza. Mpapai wa jirani una majani ya kutosha.

Jogoo wa kwanza huyo. Na nimekumbuka jambo jingine sasa hivi ambalo halina uhusiano na haya: yule msichana wangu wa S.4, jina lake kwenye karatasi ya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, lina herufi moja pungufu kuliko kwenye fomu ya usajili ya UNEB, baraza la mitihani. Baba yake anasema herufi moja si kitu, ameahidi kuleta cheti cha kuzaliwa "wiki hii" kwa wiki tatu sasa, na usajili unafungwa Ijumaa.